Mwajiri yuko nje ya nchi na hana ofisi Tanzania: nani anawajibika kwako?

Kampuni iko Nairobi, London au Berlin. Haina ofisi Tanzania na haina bango lolote Arusha. Lakini ina wafanyakazi hapa: kijana wa Njiro anayejibu barua pepe za wageni wanaotaka kupanda Mlima Meru, fundi wa Usa River anayefunga vifaa vya umeme wa jua, binti wa Tengeru anayepita mashambani kukusanya takwimu kwa simu. Mshahara unaingia kila mwezi, na kila mtu ameridhika. Mwezi ambao mshahara hautaingia, wafanyakazi hawa wamwendee nani?

Makala haya yanaeleza jinsi kampuni za nje zinavyoajiri watu Tanzania bila kufungua kampuni au tawi hapa nchini, sheria zetu zinasemaje, na mambo ya kuuliza kabla ya kusaini. Yanamhusu anayefanya kazi akiwa nyumbani Tanzania kwa kampuni iliyoko nje. Anayesafiri kwenda kufanya kazi Uarabuni au kwingineko ana taratibu nyingine.

Kwa nini kampuni huajiri bila kufungua ofisi

Kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, kampuni ya nje inayoanzisha mahali pa kufanyia biashara Tanzania Bara inatakiwa kujisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, ndani ya siku 30. Baada ya hapo kuna namba ya mlipakodi, leseni, hesabu za kila mwaka, NSSF na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Inatakiwa pia kuwa na mtu hapa nchini wa kupokea barua na hati za mahakama kwa niaba yake.

Kampuni inayotaka watu wawili au watatu tu huona hayo ni mzigo. Nyingine inajaribu soko kwanza, au ina mradi wa mwaka mmoja na baadaye itaondoka. Hivyo hutafuta njia ya kupata watu bila kupata anwani.

Siyo kwamba kila kampuni ya namna hii ni ya kitapeli. Nyingi hulipa vizuri na kwa wakati. Tatizo ni kwamba taasisi zote zinazomlinda mfanyakazi, kuanzia NSSF hadi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, zinaanza na swali moja: mwajiri wako ni nani, na anapatikana wapi? Kama huna jibu, haki yako ipo lakini mlango wa kuidai ni mgumu kufunguka.

Njia nne zinazotumika

Ya kwanza ni kuajiriwa moja kwa moja. Unasaini mkataba na kampuni ya nje, na mshahara unatumwa benki au kwenye simu. Hakuna mtu wa kati.

Ya pili ni kupitia kampuni ya kati iliyosajiliwa Tanzania. Hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye mkataba kuwa mwajiri wako, inakulipa na kupeleka makato. Kazi unapangiwa na kampuni ya nje. Duniani huduma hii imekuwa biashara kubwa. Kampuni kama Deel na Remote, zote zilizoanzishwa mwaka 2019, huwauzia waajiri uwezo wa kuajiri watu katika nchi ambazo hawana ofisi.

Ya tatu ni kuambiwa kwamba wewe si mfanyakazi, bali ni mtu anayejitegemea na anayeuza huduma. Unatuma ankara kila mwezi na unalipwa bila makato yoyote.

Ya nne ni kupitia mshirika. Shirika la nje lenye mradi huku kwetu linaliomba shirika la hapa, chuo au kampuni rafiki iwaajiri watu wa mradi kwa fedha za nje. Wengi waliofanya kazi za utafiti na za mashirika katika maeneo yanayouzunguka Mlima Meru wanaijua njia hii, hata kama hawakuwahi kuipa jina.

Katika njia zote nne kazi yaweza kuwa ileile, saa zilezile na bosi yuleyule kwenye simu. Kinachobadilika ni jina la anayewajibika.

Sheria inamfuata mfanyakazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawahusu waajiriwa walioko Tanzania Bara. Haiulizi kampuni ilizaliwa wapi. Kama unafanya kazi Njiro, unalindwa hata kama mshahara unatoka Uingereza. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005 na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF.

Viwango vya chini vilivyomo kwenye sheria ya Bara vinahesabiwa kuwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi, hata kama karatasi haijavitaja. Baadhi ni hivi:

- Saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, na zinalipwa.
- Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, yenye malipo.
- Likizo ya uzazi kwa mama ni siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja.
- Anayelipwa kwa mwezi akiachishwa kazi anastahili notisi isiyopungua siku 28.
- Aliyemaliza mwaka mmoja au zaidi akaachishwa na mwajiri hulipwa kiinua mgongo cha angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Sheria ina mazingira machache ambayo malipo haya hayatolewi, kama vile kuachishwa kwa utovu wa nidhamu.

Mwajiri anatakiwa pia kukupa maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, mahali, saa, mshahara na namna unavyokokotolewa. Akishindwa kuyaleta maandishi hayo shauri likifika mbele ya sheria, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha mnachobishania. Kwa hiyo asiye na mkataba wa maandishi asikate tamaa. Meseji za WhatsApp, barua pepe na taarifa za benki zinazoonyesha malipo ni ushahidi wa kutunza.

"Wewe si mfanyakazi, unajitegemea"

Hili ndilo neno linalowaponza wengi. Kampuni ya nje isiyo na ofisi hupenda njia ya tatu kwa sababu haihitaji NSSF, likizo wala notisi. Lakini jina lililoandikwa juu ya mkataba halimalizi mjadala.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kama kilivyotungwa, kinaorodhesha dalili za mfanyakazi. Dalili moja tu ikiwepo, mtu anachukuliwa kuwa mfanyakazi mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Dalili zenyewe ni hizi:

- namna unavyofanya kazi inaelekezwa au kusimamiwa na mtu mwingine;
- saa zako za kazi zinapangwa na mtu mwingine;
- unafanya kazi ndani ya taasisi na wewe ni sehemu ya taasisi hiyo;
- umemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita;
- kipato chako kinamtegemea yeye;
- unapewa vifaa vya kazi na yeye;
- unamfanyia kazi yeye peke yake.

Mfikirie kijana anayejibu wageni wa kampuni ya utalii ya nje. Anatakiwa kuwa hewani saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, anatumia kompyuta aliyotumiwa na kampuni, hana mteja mwingine, na kila Jumatatu anahudhuria kikao cha timu kwa video. Mkataba unamwita mtoa huduma anayejitegemea. Kwa orodha hiyo, ni vigumu kuona kwa nini asiitwe mfanyakazi.

Mwingine anatengeneza tovuti kwa kampuni tano, anapanga saa zake, anatumia kompyuta yake, na anaweza kukataa kazi asiyoipenda. Huyo anajitegemea kweli. Kwake la msingi ni kujilipia kodi mwenyewe na kujiwekea akiba NSSF, ambayo hupokea pia michango ya waliojiajiri.

Mtu wa kati: wakala au mwajiri?

Tanzania ina historia yake na kampuni za kati. Kwa miaka mingi benki, kampuni za simu, migodi na viwanda vilitumia mawakala walioajiri watu kisha kuwapeleka kwenye kampuni hizo. Wafanyakazi walilalamika kwamba wanafanya kazi sawa na wenzao lakini wanalipwa kidogo, na kwamba kila upande unamsukumia mwenzake wanapodai haki.

Mwaka 2014 Wizara ya Kazi na Ajira, chini ya Waziri Gaudentia Kabaka, iliingilia kati. Kanuni za mawakala binafsi wa huduma za ajira zilizotolewa mwaka huo, chini ya Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999, zililenga kumrudisha wakala kwenye kazi ya kuunganisha: amkutanishe mwenye kazi na mtafuta kazi, kisha ajira iwe kati ya hao wawili. Wakala hatakiwi kujifanya mwajiri wa watu wanaofanya kazi kwa mwingine. Tena hatakiwi kumtoza mtafuta kazi ada. Mtu anayekuomba "hela ya fomu" ili akupe kazi ya kampuni ya nje anakupa sababu ya kutosha ya kuondoka.

Kampuni ya kati inapojitokeza, muulize bila aibu: wewe ni wakala, au ndiye mwajiri wangu? Akisema ni wakala, basi jina la mwajiri halisi liandikwe kwenye mkataba. Akisema ndiye mwajiri, basi abebe majukumu yote: makato, likizo, notisi, kiinua mgongo, na kufika mbele ya Tume akiitwa. Asikubali jina la mwajiri wakati wa kukukata fedha, halafu alikatae wakati wa kukulipa. Ukiwa na shaka kama mpango wake unakubalika kisheria, muulize Afisa Kazi wa mkoa. Ni kazi yake kukagua mambo haya.

Angalia pia tarehe ya kuanza kazi. Kampuni ya nje inaweza kubadilisha mtu wa kati kila mwaka, na kila mara unasaini mkataba mpya na jina jipya. Hapo unaweza kuonekana mgeni kazini kila Januari. Hilo lina madhara: aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri hawezi kutumia vifungu vya kuachishwa kazi isivyo halali, na kiinua mgongo kinahitaji miezi 12 mfululizo. Mtu wa kati akibadilika, omba iandikwe kwamba miaka yako ya nyuma inahesabiwa, au ulipwe stahili zako zote kabla ya kuanza upya.

Hesabu ya mshahara

Watu wengi hukubali kulipwa bila makato kwa sababu fedha ya mkononi inaonekana kubwa. Tuchukue mfano wa mshahara wa shilingi 800,000 kwa mwezi.

Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi, mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na hauwezi kukatwa wote kwako. Wewe unakatwa asilimia 10, yaani shilingi 80,000, na mwajiri anaongeza 80,000 kutoka mfukoni mwake. Jumla ni 160,000 kwa mwezi, au 1,920,000 kwa mwaka.

Baada ya kutoa 80,000 yako, inabaki 720,000 ya kutozwa kodi ya mshahara, ambayo wengi huiita PAYE. Tangu mwaka 2020 shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, sehemu kati ya 270,000 na 520,000 hutozwa asilimia 8, ambayo ni 20,000. Sehemu inayobaki, 200,000, hutozwa asilimia 20, ambayo ni 40,000. Kodi yako ni 60,000, na unapeleka nyumbani 660,000.

Anayelipwa 800,000 bila makato anaona amepata 140,000 zaidi. Lakini amepoteza 80,000 ya mwajiri kila mwezi, na kodi yake haijafutika. Kipato cha kazi unayoifanya Tanzania kinatozwa kodi Tanzania. Mwajiri asipoikata na kuipeleka TRA, deni linaweza kukurudia wewe. Pensheni ya uzeeni ya NSSF nayo inahitaji michango ya miezi 180, ambayo ni miaka 15. Miaka 3 ya kazi isiyochangiwa ni miezi 36 iliyopotea katika hesabu hiyo. Kwa mfano wetu ni shilingi 5,760,000 ambazo hazikuwekwa kwa jina lako.

Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hulipwa na mwajiri peke yake. Usikubali ukatwe. Mfuko huo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, hulipa anayeumia, kuugua kwa sababu ya kazi au kufa kazini. Fundi wa umeme wa jua anayepanda paa, au kijana anayezunguka na pikipiki kukusanya takwimu, asiulize habari zake baada ya kuanguka. Aulize siku ya kwanza: mwajiri amesajiliwa WCF?

Kesi ya Nairobi iliyofika mbali

Mfano mkubwa zaidi Afrika Mashariki wa mwajiri asiye na ofisi nchini umetokea kwa jirani zetu Kenya.

Kampuni ya Marekani ya Meta, mwenye Facebook, ilihitaji watu wa kukagua picha, video na maneno yanayowekwa kwenye mtandao wake, wakiwemo wanaoelewa lugha za Afrika. Kazi hiyo ilifanyika Nairobi kupitia kampuni ya kati iitwayo Sama. Wakaguzi walisaini mikataba na Sama, wakatazama kila siku picha za mauaji na ukatili, na wengi walisema kazi hiyo iliwaumiza akili.

Mei 2022 mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, aliishtaki Meta pamoja na Sama katika Mahakama ya Ajira na Kazi ya Kenya. Alidai, pamoja na mengine, kwamba aliachishwa kazi kwa kujaribu kuunda chama cha wafanyakazi. Kampuni zilikanusha. Hoja ya Meta ilikuwa kwamba yenyewe si kampuni ya Kenya, haifanyi biashara huko, na hivyo mahakama ya Kenya haina uwezo wa kuisikiliza kesi dhidi yake.

Februari 2023 Jaji Jacob Gakeri alikataa kuiondoa Meta kwenye kesi. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Sama ilikuwa imetangaza kuacha kazi ya ukaguzi, na wakaguzi 184 wakafungua kesi nyingine kupinga kupunguzwa kazi. Juni 2023 Jaji Byram Ongaya, katika uamuzi wa awali, alisema ushahidi uliokuwepo ulionyesha kwamba Meta ndiyo mwajiri mkuu na Sama ni wakala wake. Meta ilikata rufaa. Tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilitupa rufaa hizo na kusema Meta inaweza kushtakiwa Kenya.

Maamuzi ya Kenya hayazifungi mahakama za Tanzania. Lakini yana mafunzo mawili. La kwanza, mtu wa kati si ukuta. Mahakama inaweza kutazama nani alipanga kazi, nani alitoa vifaa na nani alifaidika. La pili ni chungu. Tangu Mei 2022 hadi Septemba 2024, zaidi ya miaka 2, mabishano makubwa yalikuwa juu ya kama kampuni hiyo inaweza kuitwa mahakamani. Madai yenyewe ya wafanyakazi yalikuwa bado. Na hao walikuwa na mawakili, mashirika ya kuwaunga mkono na vyombo vya habari vya dunia. Mtu mmoja wa Njiro anayedai mshahara wa miezi miwili hana vyote hivyo. Ndiyo maana jina la mwajiri lipatikane kabla ya kusaini.

Afrika Kusini ilichukua njia nyingine. Tangu 2015, mfanyakazi wa kipato cha chini anayepelekwa na kampuni ya kati kwenye kampuni nyingine kwa zaidi ya miezi 3 anahesabiwa, kwa madhumuni ya sheria ya mahusiano ya kazi, kuwa wa kampuni anayoitumikia. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilithibitisha hilo mwaka 2018.

Je, Jumuiya ya Afrika Mashariki inasaidia?

Itifaki ya Soko la Pamoja ilisainiwa hapahapa Arusha tarehe 20 Novemba 2009 na kuanza kutumika 1 Julai 2010. Inatoa haki kwa wafanyakazi na kampuni za nchi wanachama kuvuka mipaka, kwa masharti ambayo kila nchi ilijiwekea. Wengine husikia hivyo wakadhani kampuni ya Kenya au Uganda ikiajiri Arusha haihitaji kufuata taratibu za Tanzania.

Sivyo. Itifaki haikufuta sheria za kazi za nchi wala mifuko ya hifadhi ya jamii. Mchango uliopelekwa kwenye mfuko wa Nairobi hauhesabiwi NSSF ya Tanzania kama mwezi wa kazi. Kampuni iliyo upande wa pili wa Namanga, kwa sheria zetu, ni kampuni ya nje kama ile ya Berlin.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Yaandike kwenye simu yako, uyatume kwa maandishi, na utunze majibu.

1. Jina kamili la mwajiri wangu kisheria ni lipi, na limesajiliwa nchi gani? Kama ni Tanzania, namba ya usajili BRELA ni ipi?
2. Nani Tanzania anapokea barua na hati kwa niaba yake, na anwani yake iko mtaa gani? Sanduku la barua peke yake halitoshi.
3. Nitasajiliwa NSSF lini, na kwa namba gani ya mwajiri?
4. Nani anapeleka kodi yangu TRA? Nitapewa hati ya mshahara inayoonyesha makato kila mwezi?
5. Nikiumia kazini, mwajiri yupi amesajiliwa WCF kwa ajili yangu?
6. Mshahara umepangwa kwa shilingi au fedha ya nje? Kama ni ya nje, unabadilishwa kwa kiwango cha siku gani, na ada ya kutuma anailipa nani?
7. Mkataba kati ya kampuni ya nje na kampuni ya kati ukivunjika, mimi ninakuwa wa nani, na nani atanilipa notisi?
8. Mgogoro ukitokea utasikilizwa wapi? Kifungu kinachosema kila shauri lisikilizwe nje ya nchi kisomwe mara mbili, na ikiwezekana kisomwe na mwanasheria au chama cha wafanyakazi.

Swali la saba ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linalouma zaidi. Kampuni ya nje inaweza kumaliza mkataba na kampuni ya kati kwa barua pepe moja, na watu 20 wakabaki mikononi mwa mtu ambaye hana kazi ya kuwapa wala fedha ya kuwalipa.

Baada ya kuanza kazi, usikae mwaka mzima bila kuangalia. Uliza taarifa ya michango yako NSSF baada ya miezi 2 au 3, kwa simu au ofisini. Hati ya mshahara inaweza kuonyesha makato ambayo hayakufika popote. Ukigundua mapema unadai miezi 3. Ukigundua siku ya kuondoka unadai miaka.

Mambo yakiharibika

Kwa Tanzania Bara, migogoro ya kazi inaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo ina ofisi mikoani ikiwemo Arusha. Unajaza fomu namba 1, unampa upande wa pili nakala, na unaleta uthibitisho kwamba ameipata. Msuluhishi hukutanisha pande mbili kwanza. Sheria inampa siku 30 kutafuta suluhu, isipokuwa pande zote mbili zikikubali kuongeza. Ikishindikana, shauri linakwenda kwa mwamuzi. Asiyeridhika na uamuzi huo anaweza kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Hapo kwenye kumpa mwajiri nakala ndipo wafanyakazi wa kampuni za nje hukwama. Ukiwa na anwani ya Tanzania, unaipeleka kwa mkono na inasainiwa. Ukiwa na barua pepe tu ya Ulaya, unaanza kutafuta njia ya kumfikisha mtu asiyetaka kufika. Kama kulikuwa na kampuni ya kati na kampuni ya nje, usichague moja kwa kubahatisha. Waeleze CMA wote wawili na waonyeshe nani alifanya nini: nani alikulipa, nani alikupangia kazi, nani alikuachisha.

Anayedai michango ya NSSF aende pia NSSF yenyewe, kwa sababu mfuko una nguvu ya kumfuatilia mwajiri. Anayetaka mahali pa kazi pakaguliwe aende kwa Afisa Kazi. Huduma za kutafutiwa kazi kupitia serikali nazo zipo.

La mwisho ni muda. Anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 tangu alipoachishwa kulifikisha shauri CMA. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Ukichelewa lazima uombe kibali na utoe sababu za maana, na kibali kinaweza kukataliwa. Mwajiri aliye mbali anaweza kukuandikia "subiri kidogo, tunashughulikia" wiki baada ya wiki, kwa nia njema au mbaya. Endelea kuzungumza naye, lakini siku zinahesabiwa tangu tukio lenyewe. Fomu ya CMA ijazwe kabla hazijaisha.